Mfupa, Pembe na Kijiti: Filamu ya Kubrick Ikitazamwa kutoka Unyanyembe

Filamu ya 2001: A Space Odyssey, iliyoongozwa na Stanley Kubrick na kuandikwa naye pamoja na Arthur C. Clarke, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Washington tarehe 2 Aprili 1968. Tangu hapo imehesabiwa kuwa kichwa cha ukoo wa filamu za bunilizi ya kisayansi, na kila baada ya miaka michache swali lile lile huulizwa upya: je, bado inasimama? Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa kuupekua utabiri wake mmoja mmoja, kama mwenye duka anavyopitia daftari la madeni. Mtazamaji aliyekaa Tabora ana njia nyingine ya kuuliza, na huenda ni ya haki zaidi, kwa kuwa filamu hii haianzii angani. Inaanzia Afrika, miaka milioni nne iliyopita, na katika sehemu hiyo ya mwanzo inatoa madai makubwa kuliko yote yaliyomo ndani yake: kwamba binadamu alizaliwa siku ile alipookota mfupa akautumia kuua. Ushahidi wa kuyapima madai hayo haukupatikana katika viwanja vya kurushia roketi. Sehemu yake muhimu imepatikana katika nchi iliyo kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika, yaani nusu ya magharibi ya njia ya kale ya misafara.

Kwanza utabiri wenyewe, nao utaguswa kwa haraka. Filamu inamwonyesha abiria akipanda kwenda kituo cha angani kwa chombo cha shirika la ndege la Pan American. Shirika hilo lilifungwa Desemba 1991. Inaonyesha makazi ya kudumu mwezini. Binadamu alikanyaga mwezi mwaka 1969, wa mwisho katika safari hizo akaondoka Desemba 1972, na mwaka 2001 wenyewe ulipofika hapakuwa na aliyerudi. Inamwonyesha baba akizungumza na binti yake mdogo huku akimwona katika kiwambo, jambo ambalo leo hufanywa na muuza karanga katika stesheni ya Tabora bila kulistaajabia. Lakini baba huyo anaingia katika kibanda cha simu kilichofungwa ukutani, anatoa kadi, na kiwambo kinamwandikia gharama ya dola 1.70. Waandishi hawa waliweza kuwaza safari ya Jupita, hawakuweza kuwaza simu ya mfukoni. Kosa hilo halina uzito mkubwa. Linaonyesha tu kwamba waliitazama mashine kubwa ya serikali kubwa, wala hawakufikiri kwamba mabadiliko yangeingia kwa mlango wa nyuma, mikononi mwa watu wasio na serikali nyuma yao.

Sehemu ya kwanza inastahili kuelezwa kwa utulivu zaidi. Katika nchi kavu ya mawe na vichaka linaishi kundi la zamadamu wenye manyoya. Wanakula majani makavu, wanafukuzwa kisimani na kundi jingine, na usiku wanajibana chini ya mwamba wakitetemeka. Chui anamrukia mmoja wao na kumwangusha. Asubuhi moja wanakuta nguzo nyeusi bapa imesimama mbele yao, imenyooka kuliko kitu chochote walichowahi kukiona. Wanaigusa kwa woga. Baadaye mmoja wao, akichezea mifupa ya mnyama aliyekufa, anaanza kupiga kwa mfupa mkubwa, kwanza polepole, kisha kwa nguvu, mpaka anapasua fuvu. Wanakula nyama. Wanarudi kisimani na kumuua kiongozi wa kundi la pili. Mshindi anarusha mfupa juu, unazunguka hewani, na kufumba na kufumbua picha inakuwa ya chombo kinachoelea angani. Hapana neno hata moja linalotamkwa kwa zaidi ya dakika 20.

Waigizaji hawakufika Afrika. Picha za nyuma yao zilipigwa katika jangwa la Namib na kuakisiwa juu ya kiwambo kikubwa katika studio moja nchini Uingereza, kwa ufundi ambao hata leo ni vigumu kuutambua. Hata hivyo mtu aliyezoea wanyama wa Ugalla au Katavi hukereka mara moja. Wanyama wanaolishana na zamadamu wale, na ambao hatimaye wanauawa kwa mfupa, ni tapiri, mnyama mwenye pua iliyorefuka kama mkonga uliokatwa, ambaye makao yake ni Amerika na Asia ya Kusini-Mashariki. Nguruwe pori au ngiri angetosha kabisa. Mtu anaweza kusema hili ni dogo, na kweli ni dogo. Lakini ni ishara ya namna Afrika ilivyotumika hapa, kama pazia la nyuma ambalo mtu yeyote anaweza kulipaka rangi aitakayo.

Wazo la mfupa unaoua halikubuniwa na Kubrick wala Clarke. Raymond Dart, mwanataaluma wa Afrika Kusini aliyetangaza fuvu la mtoto wa Taung mwaka 1925, alidai miaka ya baadaye kwamba mifupa iliyovunjika katika pango la Makapansgat ilikuwa silaha za zamadamu wawindaji. Mwandishi wa michezo ya kuigiza, Mmarekani Robert Ardrey, akayachukua madai hayo na kuyaeneza kwa kitabu chake African Genesis cha mwaka 1961, akimwonyesha binadamu kuwa mwana wa nyani muuaji. Clarke alikisoma kitabu hicho wakati filamu ikiandaliwa. Ndiyo kusema kwamba sehemu ya kwanza ya filamu ni nadharia ya sayansi ya wakati wake iliyogeuzwa kuwa picha, na ni haki kuipima kama nadharia.

Ilipopimwa haikudumu. C. K. Brain, aliyechunguza mapango hayo hayo ya Afrika Kusini kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1981, alionyesha kwamba mifupa ile ilivunjwavunjwa na fisi, chui na mawe yaliyoporomoka. Katika fuvu moja la mtoto kutoka Swartkrans yamo matundu mawili ambayo yanalingana na meno ya chui. Zamadamu wa Dart, aliyekuwa mwindaji, akageuka kuwa kitoweo. Na hapa filamu inapata bahati ambayo nadharia yake haikuistahili: yule chui yumo. Analala juu ya mzoga wa punda milia, macho yake yakiwaka kama taa, na kwa picha hiyo moja mwongozaji alisema kweli ambayo wanasayansi walikuja kuithibitisha baadaye. Jicho lake lilikuwa na akili kuliko kitabu alichokitegemea.

Lakini pigo la kwanza lilikuwa limekwisha kutoka upande wa Kigoma kabla filamu haijaanza kutengenezwa. Julai 1960 Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, aliwasili Gombe, kaskazini mwa Ujiji, akiwa na mama yake na mpishi. Mwezi Novemba mwaka huo alimwona sokwe dume akiingiza unyasi katika tundu la kichuguu, akiutoa ukiwa umejaa mchwa walioung'ata, na kuupitisha mdomoni. Baadaye aliona sokwe wakichuma vitawi na kupukutisha majani ili kijiti kiwe chembamba cha kutosha: yaani walitengeneza chombo. Louis Leakey alipopata habari alisema kwamba sasa ama maana ya chombo, ama maana ya binadamu, ingelazimika kuandikwa upya. Hayo yalitokea miaka minane kabla ya mfupa wa Kubrick kurushwa juu. Chombo cha kwanza ambacho kiumbe wa jamii ya karibu na binadamu alionekana akikitengeneza porini kilikuwa unyasi wa kuvulia mchwa. Hakikupasua kichwa cha mtu.

Mtetezi wa filamu ana jibu, na ni jibu zito. Kati ya mwaka 1974 na 1978 sokwe wa Gombe waliokuwa kundi moja waligawanyika, na madume wa kundi la Kasakela waliwawinda na kuwaua mmoja baada ya mwingine madume wa kundi la Kahama, ambao baadhi yao walikuwa wenzao wa zamani. Goodall mwenyewe alieleza jinsi habari hizo zilivyomsumbua. Ugomvi wa kisimani ndani ya filamu, basi, si uzushi. Ila inafaa izingatiwe walivyoua: kwa mikono, kwa miguu na kwa meno, wengi wakimshika mmoja. Kule Gombe uuaji ulikuwapo bila mfupa, na chombo kilikuwapo bila uuaji. Filamu iliyafunga mambo haya mawili kwa kamba moja, na kamba hiyo ndiyo iliyokatika.

Ukweli unazidi kuwa mgumu mwaka 2007. Mwaka huo, kutoka Fongoli nchini Senegali, ilitangazwa kwamba sokwe hunoa vijiti kwa meno na kuwachoma komba wadogo waliojificha katika mashimo ya miti. Mkuki, basi, upo. Mwaka huo huo ilichapishwa taarifa kutoka Ugalla. Ugalla ni nchi ya miombo, kavu kwa miezi mingi, inayowapa watu wa Tabora asali, uyoga na mbao. Ni miongoni mwa sehemu kavu kuliko zote wanamoishi sokwe. Watafiti walikuta huko vijiti na magamba ya miti yaliyotumika kuchimbia mizizi, yameachwa kando ya mashimo mafupi yenye alama za vidole na vifundo. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba mizizi hiyo haikuchimbwa wakati wa njaa. Ilichimbwa masika, chakula kingine kikiwapo. Kwa hiyo hata ile sababu ambayo filamu inaitanguliza, kwamba dhiki tu ndiyo mwalimu, inatiliwa shaka na vishimo vya Ugalla. Mnyama hakuchimba kwa kuwa alikuwa anakufa. Yamkini alichimba kwa kuwa mzizi una ladha, na udongo uliolowa unachimbika.

Aidha, katika bonde la Issa, magharibi ya mto Ugalla, sokwe wazima 13 walifuatwa kwa miezi 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Ilitarajiwa kwamba mnyama aishiye katika nchi ya wazi angesimama kwa miguu miwili akiwa chini, ili aone mbali au abebe kitu. Ikaonekana kwamba zaidi ya asilimia 85 ya nyakati waliposimama hivyo walikuwa mitini, wakishika matawi na kuchuma matunda. Bila shaka sokwe wa leo si babu wa binadamu, na hakuna mtafiti makini anayedai hivyo. Ni binamu tu, na binamu hawezi kutoa ushahidi wote juu ya babu. Lakini ile picha ya zamadamu anayejiinua kutoka mavumbini kwa sababu amepata silaha mkononi, picha ambayo vitabu vya shule viliirudia kwa vizazi, haina msaada katika miombo. Nyayo za Laetoli, zilizovumbuliwa mwaka 1978, zilikwisha sema hivyo kwa namna nyingine: watu wale walitembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita, na zana za mawe za kale kuliko zote zinazojulikana, zile za Lomekwi magharibi mwa Ziwa Turkana, ni za miaka milioni 3.3.

Kwa upande wa sayansi yake ya mwanzo wa mtu, basi, filamu imepitwa. Hilo si kosa la kuimaliza. Kuna kosa jingine, nalo limo katika ule mkato maarufu, mfupa unapogeuka chombo cha angani. Walimu wa sinema huusifu kuwa mkato mrefu kuliko wote katika historia ya fani yao, nao wana haki. Mtazamaji wa Tabora anauliza tu swali la mpagazi: ni nani aliyeubeba mfupa huo kutoka pale hadi pale? Baada ya kurushwa Afrika haionekani tena. Ilikuwa mahali pa kuanzia, ikamaliza kazi yake, ikaachwa. Wanaosafiri kwenda mwezini ni Wamarekani. Wanaokutana nao njiani ni Warusi.

Katika nchi hii mfupa ulirushwa kweli, na mfupa huo ulikuwa pembe ya ndovu. Katika karne ya 19 pembe zilizokusanywa Manyema, Urua na kandokando ya Ziwa Tanganyika zilipita Ujiji, zikafika Unyanyembe, zikahifadhiwa katika matembe ya Kwihara na Kazeh, kisha zikashushwa Bagamoyo. Kutoka Unguja nyingi zilivuka bahari hadi miji midogo ya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, zikapasuliwa kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya kinanda. Ni mruko wa ajabu kama ule wa Kubrick: leo ni jino la mnyama katika msitu wa Manyema, kesho ni sebule ya Marekani na binti anajifunza muziki. Lakini kati ya leo na kesho palikuwa na kilomita zaidi ya elfu moja, na palikuwa na bega.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kitu, mbali na mkeka, sufuria na silaha za mpagazi mwenyewe. Mnyamwezi alibeba begani. Mtu wa pwani alipendelea kichwani. Richard Burton, aliyefika Kazeh pamoja na Speke Novemba 1857, aliwaeleza wachukuzi wa pembe waliofunga kengele ya ng'ombe kwenye ncha ya jino, ili msafara usikike kabla haujaonekana. Mbele alitangulia kirangozi, amevaa tofauti na wengine, amebeba bendera na mzigo mwepesi, na hapakuwa na ruhusa ya kumpita. Kwenye njia panda aliweka matawi kuziba njia isiyo sahihi, ili wanaochelewa nyuma wasipotee. Wengi wa wachukuzi hawa walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, amelisisitiza jambo hili kwa nguvu, nalo lilihitaji kusisitizwa. Wengine waliotembea katika njia hiyo hiyo hawakuwa huru; walitembea shingo zao zikiwa katika miti ya panda. Haifai kuwataja wa kwanza ili kuwasahau wa pili. Njia ilikuwa moja.

Jina lenyewe la Wanyamwezi, kama linavyoelezwa mara nyingi, lilitoka kwa watu wa pwani, waliowaita watu wa mwezi kwa kuwa walitoka upande ambako mwezi mwandamo huonekana. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa tamu: filamu inayohangaika kufika mwezini ilianza katika bara lenye watu wanaoitwa kwa jina hilo, na haikuwaona.

Kama ungetakiwa mfano wa safari inayoweza kusimama kando ya safari ya chombo cha Discovery kwenda Jupita, mfano upo, na ulipita Unyanyembe. David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili, wakaufunga kama mzigo, wakaanza kurudi. Oktoba walifika Unyanyembe, wakamkuta Verney Lovett Cameron, ofisa Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wauzike mwili huko huko. Walikataa. Wakaendelea, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Katika filamu ya Kubrick wanaanga wanasafiri miezi mingi bila kujua kwa nini wametumwa. Wachukuzi hawa walijua, walishauriana, na mzungu mwenye cheo aliposema neno lake walilipima na kuliweka kando. Mtu anaweza kuhoji kama mzigo ule ulistahili taabu ile. Lakini uamuzi ulikuwa wao.

Mfano huu unaelekeza moja kwa moja mahali ambapo filamu bado ina nguvu zake zote. Ndani ya Discovery wamo wanaanga wawili walio macho, watatu waliolazwa usingizi mrefu, na kompyuta iitwayo HAL 9000 inayoendesha kila kitu na kuzungumza kwa sauti ya upole. HAL peke yake, miongoni mwa waliomo, ndiye aliyeambiwa shabaha ya kweli ya safari. Anakosea, au anasema uongo. Anapogundua kwamba wenzake wanataka kumzima, anaua wanne. Yule mmoja aliyebaki anaingia ndani ya kumbukumbu yake na kuzichomoa sahani moja moja, na sauti inarudi utotoni, inaimba wimbo iliofundishwa siku za mwanzo, mpaka inanyamaza. Hakuna kifo cha kusikitisha zaidi katika filamu nzima, na aliyekufa ni mashine.

Kwa miaka mingi wahakiki walimsoma HAL kama onyo dhidi ya mashine zitakazokuwa na akili kupita kiasi. Tangu kompyuta zinazojibu kwa lugha ya kawaida zilipoenea kuanzia mwaka 2022, na baadhi yake kujibu kwa Kiswahili kinachoeleweka, usomaji huo unaonekana kuwa mwembamba. Uovu wa HAL hautokani na akili yake. Unatokana na wakubwa waliomwagiza afiche jambo kwa watu ambao kazi yake ilikuwa kuwaongoza. Ni kirangozi aliyeamriwa asiweke matawi kwenye njia panda. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri katika msafara, au hata katika lori la usiku kutoka Nzega, anaelewa kwamba hatari kubwa njiani si dereva mjinga. Ni dereva anayejua jambo ambalo abiria hawalijui. Katika hili filamu haijazeeka hata siku moja. Inaelekea imekuwa changa zaidi.

Kuna pia suala la lugha, ambalo wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili wana sababu ya kulitazama. Filamu hii husema kidogo sana. Katika mabanda ya video, ambako tangu miaka ya 1990 na hasa ya 2000 wafasiri wa Uganda na Tanzania wamekuwa wakizisimulia filamu za kigeni kwa lugha za wenyeji huku zikionyeshwa, ukimya huu ungekuwa mtihani. Fasiri wa banda hatafsiri tu. Hujaza, hutania, huwapa wahusika majina ya mtaani. Akipewa dakika 20 za zamadamu wanaoguna, hana budi kurudi kwenye ngano, aanze hapo kale palipokuwa na mnyama na mwamba. Wala lisingekuwa jambo la kuhuzunisha. Kubrick aliacha pengo makusudi, na mila ya usimulizi ina mazoea ya kukaa katika pengo.

Hali kadhalika safari ya kwenda ulimwengu mwingine si ngeni katika riwaya ya Kiswahili. Shaaban Robert, katika Kusadikika, aliwatuma wajumbe pande sita, mbinguni na ardhini zikiwamo, na nchi yenyewe akaiweka angani. Katama Mkangi, katika Walenisi ya mwaka 1995, alimpeleka mhusika wake Dzombo katika ulimwengu ambao jina lake likisomwa polepole ni "wale ni sisi". Tofauti ni bayana. Kubrick anapomfikisha msafiri wake mwisho wa njia anamgeuza kuwa kiumbe kipya, mtoto anayeelea karibu na dunia akiitazama kwa macho makubwa, peke yake. Msafiri wa riwaya ya Kiswahili huenda mbali ili aone namna watu wanavyoweza kuishi pamoja, kisha habari irudi nyumbani. Haihitajiki kuchagua upande hapa. Lakini mtazamaji aliyelelewa katika mila ya pili humwona yule mtoto wa angani, na pamoja na uzuri wote wa picha, hujiuliza atazungumza na nani.

Lipo jambo moja zaidi juu ya mfupa, na linaeleza kwa nini nadharia ya Dart ilipendwa kwa muda mrefu. Mfupa hudumu. Jiwe hudumu. Mtu akichimba ardhi atapata mifupa na mawe, na kwa hayo atatunga historia ya wapasuaji na wauaji. Kijiti cha Ugalla huachwa kando ya shimo, na mchwa na mvua za misimu michache humaliza hesabu yake. Ndivyo ilivyo hata kwa njia ya misafara. Kilichobaki Kwihara ni tembe lililojengwa upya na kumbukumbu ya Livingstone. Kandokando ya njia, hadi Ujiji, imebaki miembe, ambayo wazee husema iliota kutokana na kokwa za wasafiri. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, na maeneo sita yalitajwa kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji. Mikeka, ngata na fimbo za wapagazi hazimo katika orodha yoyote.

Mara chache sana ardhi huwa na huruma. Katika maporomoko ya Kalambo, kusini mwa Ziwa Tanganyika, mpakani mwa Tanzania na Zambia, udongo uliolowa maji ulihifadhi miti ambayo pengine ingeoza. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa kwa pengo yamepatikana humo, na umri wake ni miaka 476,000 au zaidi, kabla ya binadamu wa sasa kuwapo. Pamoja na magogo hayo, katika tabaka za baadaye kidogo, vilitoka vifaa vingine vya mti, na kimojawapo ni kijiti cha kuchimbia.